Mwalimu Mtoro na kitabu cha Bibi

Mjomba wangu wa Majimoto ana sanduku la bati ambalo halifunguliwi ovyo. Ndani yake kuna Biblia, risiti za tumbaku za miaka ambayo tumbaku ilikuwa inalipa, vyeti vya ubatizo vya watoto, na kitabu chembamba cha msamiati wa Kipimbwe chenye jalada la kijani lililopauka. Hicho kitabu kilitoka nje ya nchi kwa posta, kikakaa Mpanda mjini wiki mbili kikisubiri mtu wa kwenda huko, kikafika kimekunjika kona. Kwenye ukurasa wa shukrani mwandishi anawashukuru wenyeji wote wa kijiji kwa ukarimu wao. Chini ya sentensi hiyo mjomba ameandika kwa biki ya bluu, kwa herufi kubwa, jina la mama yake. Jina kamili, la ubatizo na la ukoo.

Huyo mama yake ni Bibi yangu, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina kazi. Mgeni mmoja kutoka chuo kikuu cha nje alihitaji kijana wa kumsaidia kutafsiri, nikapata hicho kibarua. Kwa wiki tatu tulikaa chini ya mwembe, mgeni na kinasa sauti chake, Bibi na ungo wake wa karanga, mimi katikati. Mgeni alikuja na orodha ya maneno iliyopangwa tayari: kichwa, jicho, maji, moto. Bibi aliivumilia siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, ukiuliza hivyo hutajua kitu. Tuanze shambani, twende porini, halafu turudi jikoni." Wakafanya hivyo. Kwenye uyoga peke yake walikaa siku nzima, maana Bibi alikataa kabisa kutaja jina moja la jumla. Kuna wa mvua za kwanza, kuna wa mvua za mwisho, kuna unaoota kwenye kichuguu, kuna ule ambao mtoto akiuchuma anapigwa. Kila mmoja na jina lake, na kila jina na wingi wake. Mgeni akikosea wingi, Bibi anamrudisha: sema tena.

Kitabu kilipotoka, maneno yote yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti. Shamba, pori na jiko vimechanganyika. Sikukasirika, kusema kweli. Nilikuwa na miaka 18 na nilikuwa nimelipwa. Nilianza kufikiri juu ya Bibi na ule ungo wake miaka mingi baadaye, nilipokutana na mtu mmoja wa Bagamoyo anayeitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Nilimkuta kwenye wasifu ulioandikwa na Mjerumani Ludger Wimmelbücker na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2009. Niliununua kwa sababu ya jina tu. Mtoro! Nikadhani ni stori ya mtumwa aliyetoroka. Kumbe ni mwalimu.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869, Dunda, Bagamoyo. Alisoma chuoni, maana yake chuo cha Kurani, akaendelea kwa masheikh. Vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 vilimkuta ni kijana. Wajerumani waliposhika pwani alifanya biashara ndogo za msafara, na baadaye akawa mkusanya kodi wa serikali yao. Sasa hapo wapo watakaomfunga kwa kosa hilo na wasimsome tena. Mimi naona tofauti. Kijana aliyejua kusoma na kuhesabu katika Bagamoyo ya wakati ule hakuwa na milango mingi, na huo ulikuwa mmoja wao.

Wakati huohuo kulikuwa na Mjerumani aitwaye Carl Velten, mkalimani wa serikali ya koloni, ambaye alikuwa anawaomba watu wa pwani wamwandikie: hadithi, safari, desturi. Mtoro akamwandikia safari yake ya Udoe mpaka Uzigua. Ikatoka mwaka 1901 kwenye kitabu Safari za Wasuaheli, pamoja na safari za wenzake. Mmoja wa wenzake hao, Selim bin Abakari, alikuwa amefika mpaka Urusi na Siberia. Nilisoma shule ya sekondari miaka minne na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kuna maandishi ya Kiswahili ya karne ya 19 yanayosimulia Siberia. Lakini hilo tuliache.

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin. Huko kulikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1887, ambako maofisa, wafanyabiashara na wamisionari walifundishwa lugha kabla ya kupelekwa makoloni. Kiswahili kilifundishwa na watu wawili. Mjerumani, ambaye sasa alikuwa Velten, alifundisha sarufi. Mwenyeji wa lugha, aliyeitwa lekta, alifundisha kutamka, kusoma na kuzungumza. Kabla ya Mtoro walikuwepo wengine, Sleman bin Said na Amur bin Nasur, wote watu wa Unguja.

Naomba msomaji ajaribu kuona hilo darasa. Mbele amesimama Mwafrika, Mwislamu, msomi wa sheria za dini yake. Kwenye madawati wamekaa vijana ambao baada ya miezi kadhaa watakuwa makamanda wa boma na mahakimu wa watu kama yeye. Wakikosea ngeli, yeye ndiye wa kuwasahihisha. Baadhi yao hawakuweza kulimeza hilo, wakamdharau waziwazi. Mtoro akafanya jambo ambalo kwenye mafaili ya ukoloni linaonekana kama kiburi: alilalamika kwa maandishi. Alitaka aheshimiwe kama mwalimu anavyoheshimiwa na wanafunzi wake. Hakuomba kitu kingine.

Akiwa Berlin ndipo kazi yake kubwa ilipotoka, Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa Göttingen mwaka 1903, kwa Kiswahili na kwa tafsiri ya Kijerumani. Kitabu kinaanza na mimba na kuzaliwa, kinapita jando, ngoma, ndoa, ugonjwa na pepo, utumwa, safari za bara, deni, mirathi. Si kazi yake peke yake, kuna wengine waliochangia, ila yeye ndiye nguzo. Kwenye jalada kuna jina la Velten kama mkusanyaji na mhariri.

Mkusanyaji. Hili neno limenisumbua sana. Anayekusanya kuni porini hazipandi, sawa, lakini kuni nazo hazijipangi. Ukisoma Desturi unaona mtu aliyekaa akafikiri: nini kitangulie, neno gani lifafanuliwe, wapi aseme watu wa mrima wanafanya hivi na watu wa Unguja vile. Anatofautisha majina ya watumwa kwa namna walivyopatikana na mahali walipozaliwa. Anaeleza maana ya neno kwa kueleza linatumika lini na nani analitumia kwa nani. Mtu akifanya hivyo leo na ana digrii tatu tunamwita mwanaisimu. Mtoro aliitwa lekta. Bibi aliitwa wenyeji wote wa kijiji.

Ningeishia hapo makala ingekuwa nzuri na yenye uongo ndani yake, kwa sababu kuna jambo moja kwenye Desturi ambalo mtu wa Katavi hawezi kulipita kama hajaliona. Ni neno washenzi.

Mtoro anapoeleza safari za bara, bara hilo ni sisi. Njia ya msafara kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, hapo ikagawanyika: moja Ujiji, nyingine inashuka kusini kupitia Ukonongo hadi Mpimbwe, Ufipa na ziwani. Mwaka 1871, Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, Stanley alizungukia Ukonongo ndipo akamfikia Livingstone. Mwaka 1879 Mbelgiji Cambier alijenga kituo Karema, mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Kiswahili kilitufikia kwa miguu hiyo: ya wapagazi, ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na baadaye ya makatekista. Kwa mtu wa pwani aliyekuja na hiyo njia, wote waliokuwa nyuma ya milima walikuwa washenzi. Neno hilo limo kwenye kitabu cha Mtoro, tena linatumika kwa utulivu, kama mtu anavyosema mbuzi au mvua. Hakuna chuki. Ndiyo maana linauma zaidi, maana lilikuwa kawaida.

Nilifunga kitabu siku hiyo. Nilijiuliza kwa nini nimtetee mtu ambaye angemwita Bibi mshenzi, na Kipimbwe chake kelele za porini. Nilikaa na hilo swali wiki kadhaa. Sikupata jibu la kuniridhisha, nikaamua niendelee tu kusoma maisha yake, nione yanaishia wapi.

Oktoba 1904 Mtoro alimuoa Bertha Hilske, binti wa Kijerumani, huko huko Berlin, kwa sheria za Ujerumani. Ndoa halali, yenye cheti. Mwaka uliofuata kazi yake Seminari ilikuwa imekwisha, na akaamua kurudi nyumbani na mke wake. Mtu mwenye akili timamu angewaza nini zaidi? Bagamoyo ni kwao, ana ndugu, ana elimu, ana jina. Wakapanda meli.

Meli ilipofika pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hawakuruhusiwa kuingia kama mume na mke. Gavana wakati huo alikuwa von Götzen. Hoja ya serikali ilikuwa heshima ya mtu mweupe: mwanamke wa Kijerumani hawezi kuonekana anaishi kwenye nyumba ya Mwafrika, tena chini ya mamlaka yake kama mke, halafu serikali hiyohiyo iendelee kukusanya kodi kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo ndio mwaka wa 1905, mwaka ambao Maji Maji ililipuka kusini. Na mwaka uliofuata, 1906, ndoa za namna hiyo zikapigwa marufuku kabisa katika koloni.

Kwa hiyo mtu wa Bagamoyo aliiona pwani ya kwao kutoka kwenye sitaha ya meli, akarudishwa Ujerumani. Wale aliowafundisha kusema hodi walikuwa tayari wako ndani.

Hapa huwa nakumbuka Katumba. Mwaka 2014 nilikuwa ripota mdogo, nilitumwa kwenda kuandika habari za vyeti vya uraia. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliletwa Katumba na baadaye Mishamo, wakafyeka pori, wakalima, wakazaa, wakazika. Watu takriban 162,000 kwenye makazi hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora walikubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010, lakini vyeti vyenyewe vikachukua miaka minne kutoka. Mzee mmoja aliniambia kwamba ile miaka minne ilikuwa migumu kuliko ile 38 ya kwanza. Mwanzo alijua yeye ni mkimbizi. Sasa alikuwa ameambiwa si mkimbizi na si kitu kingine. Sikuiandika sentensi hiyo kwenye habari yangu, mhariri alitaka takwimu. Mambo ya Mtoro na mambo ya Katumba si mamoja, nchi hii iliwapokea wale watu na yeye alikataliwa kwao. Ila nilipofika kwenye ukurasa wa meli, uso niliouona ulikuwa wa yule mzee.

Waliporudi Ujerumani mambo yalikuwa mabaya. Hana kazi, ana mke, na popote anapoomba anaulizwa kwa nini hakubaki kwao. Mtoro akafanya alichokuwa anakijua: akaandika. Barua kwa ofisi za koloni, maombi juu ya maombi, ya kazi, ya fidia, ya haki ya kurudi na mkewe. Ninavyomwona mimi, hizi barua ni sehemu ya kazi zake, sawa na Desturi. Kwenye Desturi alieleza watu wa pwani wanavyodaiana, wanavyoshtakiana na wanavyopatanishwa. Sasa alikuwa anadai yeye, kwa lugha ya watu wengine, na hakuna kadhi.

Mwaka 1909 akapata kazi Hamburg, kwenye Taasisi ya Koloni iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla. Mwaka huohuo alihamia hapo Carl Meinhof, mtaalamu aliyekwisha kupata jina kwa utafiti wa sauti za lugha za Kibantu. Meinhof alikuwa profesa. Mtoro na Waafrika wengine walioletwa pale walikuwa wasaidizi wa lugha. Walitamka, maprofesa wakasikiliza na kuandika. Isimu ya lugha zetu kama inavyofundishwa leo ina mizizi kwenye vyumba hivyo vya Hamburg, na vyumba hivyo vilikuwa na sauti za watu kama yeye. Alifanya kazi pale mpaka 1913.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana ni miaka ya kuhangaika. Alirudi Berlin, akawa anazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki kwa watu waliolipa kiingilio. Vita vikaja, Ujerumani ikapoteza makoloni, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza. Waafrika waliokuwa Berlin hawakuwa raia wa Ujerumani, na koloni lililowapa hati zao halikuwepo tena. Bertha alibaki naye muda wote huo. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Kwao hakurudi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, na msingi wake ukawa Kiunguja. Kiswahili hicho ndicho nilichofundishwa Mpanda, mji ambao wakati Mtoro anafariki haukuwa mji. Reli kutoka Kaliua ilifika baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya mgodi wa risasi, ikaleta watu wa kila kabila, na lugha yao ya pamoja ikawa hiyo iliyotoka pwani. Leo ukipita Kashaulili sokoni utasikia Kisukuma, Kifipa, Kirundi, na kila mtu akigeuka kwa mteja anaongea Kiswahili. Kipimbwe ni cha kutafuta. Kwenye orodha ya lugha za Kibantu ya Malcolm Guthrie, Kiswahili cha Unguja kina namba G42d, Kibende kina F12, Kipimbwe kina M11. Namba zina usawa ambao mitaa haina.

Mwaka 1981 Desturi ilitoka kwa Kiingereza, chuo kikuu cha California, tafsiri ya J. W. T. Allen, mtu aliyekusanya hati za Kiswahili kwa miaka mingi. Allen alifanya jambo dogo: aliweka kwenye jina la kitabu kwamba hizi ni Desturi za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Ilichukua miaka 78 jina hilo kuhamia nje. Allen mwenyewe alifariki kabla kitabu hakijatoka. Nilipoona jalada lile nikakumbuka biki ya bluu ya mjomba.

Mwezi wa saba nilikwenda Majimoto. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatiza hifadhi, unatokea Kibaoni, na kipindi cha kiangazi unafika mwekundu kwa vumbi. Jioni mjomba akatoa sanduku, tukaangalia kitabu cha kijani, akanionyesha kurasa ambazo Bibi, kabla hajafariki, alimwambia zina makosa. Makosa ni kumi na moja. Ameyaandika pembeni kwa penseli, la kwanza mpaka la mwisho, na mengi ni ya uyoga.

Nikamsimulia habari za Mtoro. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nasoma kimoyomoyo na kumtafsiria, kama zamani chini ya mwembe. Aliuliza kama alilipwa. Nikamwambia alilipwa, ila si kama wenzake. Akaguna. Nikamweleza barua, nikamweleza Bertha, nikamweleza meli. Akanyamaza. Halafu, kwa kuwa sikutaka kumdanganya, nikamwambia na lile neno ambalo Mtoro alilitumia kwa watu wa bara.

"Washenzi," mjomba akarudia. "Yaani sisi."

"Ndiyo, mjomba."

Akacheka mpaka akakohoa. Akachukua kitabu changu, akakigeuza nyuma na mbele, akatazama jina kwenye jalada muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Haya," akasema. "Hebu rudia pale meli ilipofika pwani."